Yaliyosemwa Barafuni

Corrine Bellanger alikuwa amekikosa cheo kile mara mbili, na mara zote mbili alijilaumu mwenyewe.

Cheo chenyewe hakikuwa cha kutisha. Kiongozi wa zamu ya asubuhi katika kitengo cha kukata vioo, basi. Mtu wa kupanga nani asimame wapi, wa kuamua mashine izimwe lini, wa kusikilizwa wakubwa wanaposhuka kutoka ofisini na kofia zao ngumu zisizo na hata mkwaruzo. Nyongeza yake ya mshahara ingeishia kwenye petroli. Lakini Corrine alikitaka, na alikitaka sana. Alikuwa amefanya kazi chini ya viongozi wa kila namna, wapole na wakali, na karibu wote walimpita pale mezani kwake kama wanavyoipita nguzo. Alichoka kuwa nguzo.

Kiwanda kilikuwa cha madirisha, pembezoni mwa mji mdogo kaskazini mwa Minnesota, na ukisimama kwenye maegesho ya magari unaliona ziwa lote. Corrine hakuishi mjini. Alikaa na mama yake kwenye ardhi ya watu wake, Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, mwendo wa nusu saa kwa gari kama barabara imesafishwa theluji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye nywele ndefu alizozifunga mkia mmoja na kuzisokomeza ndani ya koti zisinaswe na mashine. Hakuwa mwongeaji. Watu wa mjini nao si waongeaji, kwa hiyo wote walidhani wanaelewana.

Usaili wa mara ya pili ndio uliomuuma zaidi. Mbele yake walikaa meneja na Arvid Tollefson, msimamizi mkuu wa kitengo, mzee mwenye masharubu meupe na sauti ya taratibu. Arvid alimuuliza: tukileta meza mpya ya kukatia, ile inayojiendesha, utawapangaje watu? Corrine hakuwahi kusikia habari za meza yoyote mpya. Akababaika, akasema hili na lile, akaishia kutazama mikono yake. Aliyemfuata, Duane Skoglund, fundi wa tanuri la kuchomea vioo, inasemekana alijibu kama mtu aliyeiota ile meza. Duane akapata cheo. Corrine akarudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba labda watu wengine wana akili nyepesi na yeye ana mzigo kichwani, na mama yake akamsogezea supu.

Aliishi na maneno hayo miaka miwili. Yakamkaa mwilini. Kwenye vikao akawa hanyanyui mkono, kwa sababu mzito wa kichwa anyanyue mkono wa nini.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka huu ninaousimulia, Duane akatangaza kwamba cheo kimemchosha. Alisema usingizi umempotea na anataka kurudi kwenye tanuri lake, ambalo halimjibu mtu. Alikuwa mcheshi, Duane, mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Siku hiyo alikuja kukaa meza moja na Corrine kantini, akafungua kopo lake la maharage.

"Sasa omba wewe," alimwambia. "Mimi nimeshatumikia kifungo changu."

"Nitaulizwa tena ya meza mpya nibaki nimeduwaa," Corrine alisema. "Hivi wewe ulijuaje yale yote siku ile?"

"Ya meza?" Duane akacheka. "Si Arvid alitusimulia kibandani. Majira yote yale ya baridi tulikuwa tunavua huku tunapanga meza ikae wapi. Hata lile wazo la kuwaweka watu wawiliwawili lilikuwa la Wade wa zamu yetu. Mimi nililiiba tu." Akatia kijiko mdomoni. "Usimwambie."

Corrine akashusha mkate wake kwa kahawa.

Kibanda alikijua. Nani asingekijua? Ziwa likiganda sawasawa, wanaume wa mji huukokota mji mwingine hadi barafuni, vibanda vya mbao vyenye majiko madogo, madirisha, vingine hata na makochi. Wanatoboa barafu kwa keekee, wanatumbukiza ndoano, wanakaa. Kibanda cha Arvid kilikuwa cha rangi ya kijani, na kila Jumamosi wanaume wa kitengo cha vioo walikusanyika humo kwa kahawa, karata na maneno machache. Corrine siku zote alidhani wanaongelea samaki.

Alasiri ile aliendesha gari kurudi nyumbani akiwa na hasira. Halafu, karibu na daraja, kitu kingine kikampanda, akashangaa kukitambua. Ilikuwa furaha. Kumbe hakuwa mzito wa kichwa. Kumbe alipewa mtihani wa somo ambalo wenzake walifundishwa na yeye hakuitwa darasani. Akalia kidogo, akapenga kamasi, akaendelea na safari.

Kama bahati, wiki iliyofuata kiwanda kikaleta mwalimu kutoka Minneapolis. Mambo ya utofauti kazini, haki na ujumuishi, yalikuwa yamefika hata kule kwenye theluji. Kiwanda kilikuwa na picha kubwa ukumbini: Corrine ndani, Hodan Warsame na hijabu yake ndani, Tou Vang wa zamu ya jioni ndani, wote wakitabasamu kuzunguka dirisha. Meneja aliipenda sana ile picha. Kila mgeni alisimamishwa mbele yake kwanza.

Wafanyakazi walikaa kantini wamekunja mikono, nyuso za watu wanaosubiri kung'olewa jino. Kulikuwa na sinia la keki za chokoleti zilizokatwa vipande. Watu wa kule hawachukui kipande cha mwisho, hata wafe njaa. Kilipobaki kimoja mtu alikikata nusu, aliyefuata akaikata nusu ile nusu, na mpaka mwalimu anafika kwenye haki, sinia lilikuwa na kipande kama ukucha, bado kinaheshimiwa.

Mwalimu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa, na alijua anachukiwa, akaendelea hivyohivyo. Alisema utofauti ni jambo rahisi, ni kutazama nani yumo ndani ya jengo. Haki ni ngumu kidogo, kwa sababu watu hawasimami mahali pamoja, na ukiwapa wote ngazi ya urefu mmoja kuna atakayefika na kuna atakayebaki chini akishukuru kwa ngazi. Kisha akafika kwenye ujumuishi.

"Hapa sitaki mnipe maana," alisema. "Nawaulizeni tu. Wewe ulipo, unasikia jambo likiwa bado linaweza kubadilishwa, au unalisikia likiwa limeshaamuliwa?"

Corrine akahisi damu inampanda masikioni.

Arvid ndiye aliyejibu, maana aliona ni kazi yake. "Mimi watu wote nawachukulia sawa," alisema taratibu. "Sijali mtu katoka wapi. Hata kibanda changu hakina kufuli."

Na alimaanisha. Hilo lazima niliseme, kwa sababu ni rahisi kumfanya Arvid kuwa mtu mbaya na hakuwa. Theluji ilipomzika jirani yake mjane, yeye ndiye aliyefungua njia na koleo lake kabla ya kwenda kazini. Alikesha usiku kucha akiyafikiri maneno ya mwalimu, na asubuhi akaja na dawa aliyoiona bora. Alisimama mbele ya zamu, akakohoa, akatangaza kwamba Jumamosi hii kila mtu wa kitengo cha vioo anakaribishwa kibandani. Wote. Ataongeza ndoo za kukalia.

Kosa kama hilo angelifanya mtu wa kule tu. Kibanda chenyewe watu sita wakivuta pumzi pamoja kinatoa jasho.

Corrine hakwenda. Jumamosi ilikuwa siku ya kumpeleka mama yake kusafishwa damu hospitali, kazi ya tangu asubuhi hadi alasiri. Lakini hata mama yake angekuwa mzima asingekwenda, na sababu yake hakuwahi kumwambia mtu kiwandani. Hodan alikwenda. Hodan alikuwa mama wa watoto watatu, Msomali aliyehamia pale kumfuata mumewe dereva wa lori, mwenye ulimi mwepesi na nguo zilizokuwa nyingi kuliko baridi yenyewe. Nyumba yake ilikuwa njiani kwa Corrine, kabla ya kufika darajani, kwa hiyo walirudi pamoja kila siku kwa gari la Corrine. Jumatatu alipopanda alikuwa bado anapasha vidole.

"Abaayo, nimevua samaki," alisema. Ndivyo alivyomwita Corrine, dada, kwa lugha ya kwao. "Mkubwa kama mkono huu. Wade akanipigia makofi."

"Na vingine?"

"Vingine? Nimekaa juu ya ndoo. Miguu imekufa ganzi mpaka nikaisahau kuwa yangu. Wanacheza karata sizijui. Wana bia, masikini, wanazificha nyuma ya migongo kwa heshima yangu, na mimi naziona, na wao wanaona naziona, tunatabasamiana tu." Akacheka. "Muda wa sala umefika nikatoka nje nikaswali barafuni. Wade akasimama njiani kabisa, mikono kiunoni, gari la theluji lisinipitie. Kijana yule ana utu."

"Anao," Corrine alisema. Wade Nyquist alikuwa fundi wa zamu ileile, na kila mtu alijua kwamba safari hii ameomba cheo, kama alivyoomba Corrine.

"Sasa sikia la maana. Kumbe linakuja tanuri jipya. Mwezi wa nne. Arvid ameeleza yote, litakapokaa, watu watakavyogawanywa. Usaili wote utakuwa huo, abaayo. Nimekusikilizia kila neno." Hodan akajigeuza kwenye kiti, uso unang'aa. "Safari hii wakikuuliza, unawamaliza."

Corrine alishukuru, kwanza. Kisha akaanza kupanga majibu kichwani, na yalipangika vizuri mno, na hapo ndipo utamu ulipoingiwa na shubiri. Wade alijua habari za tanuri. Yeye sasa anajua. Lakini mwombaji wa tatu alikuwa Tou Vang wa jioni, mtu wa asili ya Laos, Mhmong mkimya mwenye mzaha wa chinichini, ambaye Jumamosi alikuwa kazini kama kila Jumamosi. Tou angeingia kwenye usaili ule akae palepale alipokaa yeye, aulizwe kitu asichowahi kukisikia, atazame mikono yake. Halafu aende nyumbani akamwambie mkewe kwamba labda ana kichwa kizito.

Corrine angeweza kunyamaza. Mungu anajua alikuwa na haki ya kunyamaza, baada ya kuonewa mara mbili. Usiku ule alipika wali wa mpunga wa ziwani, ule walioukusanya wenyewe kwa mtumbwi, akauchanganya na nyama ya paa, akamwekea mama yake, akamsimulia habari za tanuri na za Tou.

"Ukimwambia Arvid, cheo utakikosa," mama yake alisema. "Nisipomwambia nitakipata," Corrine alisema. Mama akatafuna, akameza. "Basi unajua yote mawili," akasema, akaomba chumvi, ambayo hakuruhusiwa, akanyimwa.

Kule kwao mtu haanzi jambo zito bila kupitia hali ya hewa. Kwanza baridi ya jana. Kisha baridi ya kesho. Kisha betri ya gari kama imekubali kuliwasha. Ukishayamaliza hayo, ukikuta bado una hamu ya kusema lililokuleta, unalisema kwa mbali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake ndege mtini. Ndiyo maana Arvid alishtuka sana Corrine alipomfuata kwenye meza ya kukatia, mashine zikiwa bado zinapata moto.

"Arvid, nataka tuzungumze, na sitaki tuzungumze habari za theluji."

Arvid akaweka kikombe chini. "Nimekosa nini?"

"Mara ile mliniuliza ya meza hii. Wenzangu mlishawaambia barafuni. Mimi nilikuwa naisikia pale pale kwenye kiti."

"Sikuwaambia kwa siri. Tulikuwa tunaongea tu."

"Najua."

"Na nilikualika, Corrine. Miaka ile. Nilikwambia njoo siku moja. Ukasema tutaona."

"Ulinialika umenipa mgongo, unatafuta funguo za gari."

"Hata hivyo nilikualika."

"Sawa, ulinialika. Ungenialika mara kumi nisingekuja." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaiachia itetemeke. "Jumamosi ni siku ya mama hospitali. Na lile ziwa, Arvid. Nilikuwa mtoto mdogo baba aliponipeleka pale gatini, mwaka ule wa ugomvi wa nyavu, mji ulipotukatalia haki ya kuvua. Watu wa mji huu walijipanga kuanzia kwenye maegesho mpaka majini. Unajua walichotuita. Jiwe likapiga mtumbwi hapa, na mimi nilikuwa nimekaa hapa. Baba akatega nyavu zake hivyohivyo, tukarudi nyumbani na samaki. Mimi nakunywa kahawa na watu wa mji huu, nafanya kazi nao, nawapenda wengine. Lakini kwenda kukaa juu ya ziwa lile, ndani ya kibanda, nibembeleze habari za kazi yangu, hapana."

Arvid alikuwa mtu mzima mwaka ule wa nyavu. Corrine hakumuuliza alikuwa wapi siku ile, naye hakusema. Alifuta kwa kidole vumbi kwenye kioo kilicholala mezani kati yao.

"Mimi sikuwa na nia mbaya na mtu," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana nimekuja kwako sikwenda juu. Lakini nia yako nzuri imenikalisha miaka nikijiona mjinga." Corrine akapumua. "Sitaki ndoo kibandani kwako. Vueni, chezeni karata, kunyweni mnachokunywa. Ninachotaka ni kwamba la kazi lisemwe kazini. Likiponyoka kule Jumamosi, Jumatatu lirudiwe hapa, watu wote wakiwepo, kabla halijaamuliwa."

"Ni hilo tu?"

"Na jingine. La tanuri mimi ninalijua, nimeambiwa. Wade analijua. Tou halijui. Mkituuliza hilo, mtakuwa mmemfunga Tou miguu halafu mnamwita kwenye mbio."

Uso wa Arvid ulikuwa umeiva. "Haya," alisema, akachukua kikombe chake na kuondoka, na ilikuwa haya ya kule, ambayo inaweza kuwa ndiyo, na inaweza kuwa nenda zako.

Siku nzima hakumtazama. Corrine alikata vioo vyake mpaka zamu ikaisha. Alishajiona amekitupa cheo kwa mikono yake mwenyewe, kwa ajili ya mtu wa jioni ambaye hata jina la mkewe halijui. Alifika nyumbani akamkuta mama yake kwenye kiti chake cha kuegemea, blanketi magotini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Hukuanza na theluji?"

"Sikuanza na theluji."

Mama yake akacheka mpaka akakohoa, akalazimika kupewa maji.

Siku mbili zikapita bila neno. Siku ya tatu, saa ile zamu ya asubuhi inapoipisha ya jioni, Arvid akaamuru mashine zizimwe. Hilo peke yake lilikuwa jambo. Watu wa zamu zote mbili wakasogea mezani, wengine wanavaa glovu, wengine wanavua. Meneja alikuwa nyuma, amefumbata mikono, uso wa mtu aliyeburutwa. Arvid alikuwa amepika kahawa mwenyewe kwenye birika lake la kibandani, lile jeusi la kuungua.

"Kuna mambo nimekuwa nikiyasema barafuni," alianza, na masharubu yalikuwa yanamcheza. "Ya kazi. Nilidhani ni soga. Hayakuwa soga kwa ambao hawakuwepo." Akatafuta maneno, akayakosa, akaamua kuyaruka. "Linakuja tanuri jipya. Nawaeleza sasa yote ninayoyajua. Halijapangwa. Mwenye la kusema aseme."

Akaeleza. Alipomaliza hakuna aliyesema, kwa sababu ndiyo desturi. Kisha Hodan, ambaye desturi ile ilimpita kando, akanyanyua mkono akasema likikaa pale linapotajwa, moto wote utawapiga usoni yeye na mwenzake, na wao ndio wanaovaa nguo nyingi kuliko wote, au kuna mtu amepanga kuwachoma? Watu wakacheka. Tou Vang akauliza kwa sauti ndogo nani atabaki kulizima usiku, maana lile la zamani huchukua saa nyingi kupoa na zamu ya jioni ndiyo inayolilinda. Arvid akamtazama kinywa wazi. Barafuni hawakulifikiria hilo hata siku moja, kwa kuwa barafuni hapakuwa na mtu wa jioni. Duane akaropoka kwamba yeye ni fundi tanuri na hakuna aliyemuuliza, akakumbushwa kwamba yeye aliulizwa kila Jumamosi akawa anakula.

Walibishana mpaka kahawa ikaisha. Kabla hawajatawanyika Arvid akasema usaili wa wiki ijayo utahusu hayohayo waliyoyasikia wote, na waombaji wote watatu wakayafikirie. Hakumtazama Corrine aliposema hivyo. Alipompita kwenda ofisini alisema tu, bila kusimama, "Baridi imepungua kidogo leo." Corrine akaelewa.

Kwenye kiti kilekile, mbele ya watu walewale, Corrine aliongea safari hii. Aliongea polepole, akaeleza angewapanga watu vipi, akaeleza kwamba moto wa usoni kwa Hodan ungeondoka tanuri likigeuzwa, na kwamba lile la Tou la kupoa litatuliwe kabla ya yote. Meneja alimuuliza swali moja la umeme, akajibu kwamba hajui na angemuuliza Duane. Alipotoka hakujua kama ameshinda, ila alijua kwamba kama akishindwa, ameshindwa yeye Corrine, si nguzo.

Cheo akapewa. Hodan alipiga vigelegele kantini na watu wakaruka kwenye viti, maana walidhani ni king'ora. Wade hakuja kantini siku hiyo. Aliumia, kwa nini tuseme uongo, alikuwa ameshamwambia baba yake. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya Corrine na samaki aliyegandishwa, amefungwa kwenye gazeti.

"Wa mama yako," alisema. "Nimemvua mimi, si Arvid. Wa Arvid ni wadogo."

Corrine akakataa mara moja, akakataa mara ya pili, Wade akasogeza tena, na kwa kuwa wote walilelewa kulekule, mara ya tatu akapokea.

Barafu ikayeyuka, vibanda vikaburutwa nchi kavu. Tanuri likaja, likageuzwa. Tou akaomba kuhamia asubuhi kwa sababu ya watoto wake, akahamishiwa. Kila Jumatatu mashine zikicheleweshwa kidogo, watu walisimama kuzunguka meza, na yaliyosemwa popote yakasemwa pale. Corrine alikuwa kiongozi mzuri, si wa ajabu. Alisahau mambo. Alikuwa mkali asubuhi kabla ya kahawa. Lakini kila siku kabla ya kuzima taa alimuuliza kila mtu kitu.

Ikafika Jumatatu moja ya mvua, mwezi wa tano. Corrine alisema, kwa haraka, kwamba kama wote wanavyojua, kuanzia wiki ijayo watu watapokezana kwenye meza ya kukatia, na kama hakuna swali waendelee. Hodan akatikisa kichwa kukubali. Tou akasimama na glovu mkononi, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Mimi ndiyo nasikia sasa hivi," alisema.

Wade naye hakuwa amesikia. Wala Duane. Corrine akajaribu kukumbuka alilisema wapi, siku gani, mbele ya nani. Kisha akamwona Hodan anatazama sakafu, na uso ukamwaka moto. Alilisema kwenye gari. Kila siku kwenye gari, wiki nzima, wakirudi nyumbani, yeye na Hodan walikuwa wamelipanga, wamelipangua, Hodan akatoa mawazo mazuri, na jambo likaisha kabla ya kufika mezani. Na hakuwa na nia mbaya na mtu.

Duane alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaanza kucheka kabla hajasema, kama kawaida yake. "Kumbe siku hizi samaki wanavuliwa ndani ya gari la Corrine."

Watu wakacheka, hata Arvid kule mlangoni, na Arvid si mtu wa kucheka. Corrine akaziba uso kwa mikono miwili. Alipoiondoa alikuwa anacheka na yeye, ingawa masikio yalikuwa bado yanamuuma kwa aibu.

"Hakuna lililoamuliwa," alisema. "Nifutieni hayo." Akavua glovu, akamwomba Wade asiwashe mashine kwanza, akaanza kueleza tangu mwanzo. Tou akavuta ndoo, akakaa.